Taj Mahal kwa siku moja kutoka Delhi

Dada wa Kirumba, umeuliza kama mtawahi kwenda Taj Mahal, lile kaburi la marumaru mjini Agra, na kurudi mkiwa Delhi kwa matibabu ya mama, maana mna Ijumaa tu ya mapumziko. Muda unatosha, siku ndiyo mbaya: Ijumaa wanaingia wanaokwenda kuswali kwenye msikiti uliomo humo tu, watalii hapana. Omba hospitali iwapangie siku nyingine.

Treni ya Gatimaan Express huondoka asubuhi stesheni ya Hazrat Nizamuddin, Delhi, na hadi Agra ni kama dakika 100. Tiketi ya mgeni kuingia Taj Mahal ni rupia 1,100. Ongeza 200 kama mnataka kuingia ndani ya jengo lenyewe la kaburi. Nunueni kwa simu mapema. Ikishakaguliwa mna saa tatu tu, basi mama anywe chai kwanza.

Wengi hukwama kwenye begi. Ukaguzi una mistari miwili, wanawake wao na wanaume wao. Ukikutwa na chakula, kiberiti au stendi ya kamera, unarudishwa ukavihifadhi, kisha foleni unaianza upya. Kwa hiyo zile karanga ziacheni hotelini. Simu, pasipoti, maji na dawa za mama vinatosha.

Magari ya mafuta hayafiki getini. Pandeni kigari cha umeme. Juu ya jukwaa la marumaru mtavaa vifuniko vya viatu. Ndani ya kaburi picha ni marufuku.

Mkienda Desemba au Januari, ukungu wa asubuhi huchelewesha treni na kulimeza kuba lote, kama kisiwa chetu cha Saanane kinavyopotea mvua ikitanda ziwani.