Arosto imekwisha, mbona amerudia unga?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume anatumia heroini. Tulimfungia ndani wiki nzima, akatapika, akatetemeka na kulia, hatimaye arosto ikamwisha na akaanza kula vizuri. Mwezi mmoja baadaye amerudia. Wazee wanasema hana nia ya kuacha, afungiwe tena. Nimesikia habari za methadoni, lakini baba anasema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Tufanye nini? (Dada mtu)

JIBU: Pole sana, dada. Mlichokishuhudia wiki ile ni mwili kudai dawa uliyoizoea. Arosto ya heroini huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki moja hivi, lakini uraibu wenyewe hubaki. Heroini huufanya ubongo utoe kwa wingi kemikali iitwayo dopamini, na ubongo hujifunza kuihusisha raha hiyo na watu, mahali na vitu, kiasi kwamba mtu aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia anaweza kupita kwenye kona alikokuwa akinunua, au kuona tu kipande cha karatasi ya foili, akashikwa na hamu kabla hata hajafikiri. Kurudia kwake, basi, si ushahidi kwamba hana nia. Wengi wanayo, ila wanahitaji tiba ya kuisaidia.

Kumfungia tena ninawasihi msithubutu. Mtu akikaa bila heroini, hata kwa wiki chache, mwili hupoteza ule uzoefu wa kuihimili, na akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumzuia kupumua na kumuua. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya kutoka kizuizini, gerezani au hata hospitalini ni za hatari kubwa. (Kwa mlevi sugu wa pombe, kuiacha ghafla bila daktari kwaweza kuleta degedege na kifo, nalitaja hili kwa sababu familia nyingi hutumia njia hiyohiyo ya kufungia.)

Baba ana haki ya kuuliza, kwa kuwa methadoni ni ya jamii moja na heroini. Tofauti ni kwamba hunywewa kwa kipimo cha daktari, hufanya kazi taratibu kwa saa 24 au zaidi, na kipimo kikiwa sahihi mgonjwa halewi wala hapati arosto, hivyo anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Tiba hii ilianza New York katika miaka ya 1960, na tangu mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Hupunguza vifo, lakini wengi huihitaji kwa miaka, na kuikatisha mapema hurudisha hatari. Mpelekeni kliniki, naye akubali mwenyewe.

Wakati mnasubiri, ulizeni kuhusu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini. Mkimkuta haamki, anapumua kwa shida au anakoroma isivyo kawaida, na midomo imebadilika rangi, iteni msaada wa dharura, mpeni naloksoni na mlazeni ubavu. Nguvu ya naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90 huku heroini ikiwa bado mwilini, kwa hiyo msimwache peke yake hata akizinduka na kusema amepona.