Mitambo ya ukumbi wa watu 350 hapa Tanga: anza na paa, wati zitafuata

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ukumbi wako wa Chumbageni una urefu wa mita 20, upana wa mita 14 na kimo cha mita 5, kuta zake ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta, paa ni la bati bila dari, na kwamba utaupokea umati wa watu 350 kwa taarabu, dansi na harusi. Muuzaji amekuandikia spika 12 za “wati 20,000”, nawe unauliza kama utoe malipo ya awali. Ushauri wangu ni kwamba usitoe hata shilingi kwa sasa. Kazi yangu ni ufundi mitambo katika kumbi za mwambao huu kwa miaka mingi, na mara nyingi nimeona mwenye ukumbi akinunua nguvu ya kushindana na jengo lake mwenyewe, ilhali jengo halishindwi kwa nguvu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hii ndiyo itakayokuokolea fedha. Mwanafizikia wa Marekani, Wallace Sabine, alionyesha kwamba muda ambao sauti huchukua kufifia ndani ya chumba, yaani kushuka kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha kugawanya kwa kiasi cha ufyonzaji kilichomo. Ujazo wa ukumbi wako ni mita za ujazo 1,400. Saruji na bati havifyonzi karibu chochote. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba kuta, sakafu na paa kwa pamoja vinafyonza sawa na mita za mraba 65 za dirisha lililo wazi, ukumbi mtupu utashika sauti kwa takriban sekunde 3.5. Mtu mmoja aliyevaa nguo hufyonza karibu mita za mraba 0.4, kwa hiyo ukumbi ukijaa watu 350 muda huo unashuka hadi sekunde 1.1, ambayo inavumilika. Tatizo ni kwamba ukumbi haujai saa tatu usiku. Wakiwamo watu 100 tu, bado una zaidi ya sekunde mbili, na hapo ndipo fundi anapoanza kupandisha sauti ili maneno yasikike, jambo ambalo linaongeza mwangwi uleule unaoyameza.

Nasisitiza maneno kwa sababu hapa ni Tanga. Vikundi vya hapa vya Black Star na Lucky Star vilipoingiza gitaa za umeme, pamoja na besi, katika taarabu kuanzia miaka ya 1960, mpigo ulibadilika, lakini msikilizaji wa taarabu bado anakuja kusikia mashairi, na mipasho ambayo haikusikika haikupigwa. Dansi linaweza kuvumilia ukungu kidogo wa sauti, taarabu haivumilii.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende juu. Dari la jipsamu lenye nafasi ya hewa kati yake na bati lina faida tatu: linapunguza kishindo cha mvua wakati wa masika, linapunguza kidogo sauti inayotoka nje, na ubao wake, kwa kutikisika, hula sehemu ya besi ambayo miili ya watu haiigusi. Kisha tundika paneli laini zenye unene wa sentimita 10 kwenye ukuta wa nyuma unaotazama jukwaa na kwenye nusu ya juu ya kuta za pembeni, ukiziacha mbali na ukuta kwa sentimita 10 nyingine, maana nafasi hiyo huzisaidia kufyonza sauti za chini zaidi. Pamba ya mawe ndiyo bora, kwa kuwa haishiki moto. Wapo wanaotumia nyuzi za mkonge au sufi, na kwa upande wa sauti zote mbili hufanya kazi vizuri; katika mkoa wa mkonge ni ajabu kwamba hatuzitumii zaidi. Hata hivyo vitu hivi huwaka, basi usivitumie kabla ya kuvitibu kwa dawa ya kuzuia moto, kuijaribu dawa hiyo kwenye kipande kidogo nje ya jengo, na kupata kibali cha watu wa zimamoto. Paneli za mita za mraba 100 zinazofyonza asilimia 70 zitaushusha ukumbi mtupu hadi karibu sekunde 1.7 na ukumbi uliojaa hadi chini ya sekunde moja. Trei za mayai mnazoziona zimebandikwa kwenye kuta za studio za mitaani hazisaidii chochote cha maana, na zinawaka haraka sana.

Sasa tuje kwenye wati. Uliza muuzaji kila spika inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ikipimwa mita moja mbele yake, na inabeba wati ngapi kwa mfululizo, si kwa kilele. Chukua spika nzuri yenye desibeli 98. Ukiipa wati 500 unaongeza 27, unapata 125. Msikilizaji wa mita 16 anapoteza 24, kwa sababu kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 pasipo kuta. Anabakiwa na 101, na spika mbili za namna hiyo zinampa 104 hivi. Ukimwachia mwimbaji na ngoma nafasi ya desibeli 10 za kupanda ghafla, wastani utakuwa 94 kwenye safu za nyuma, na hiyo ni sauti kubwa ya kutosha kwa ukumbi wa mita 20. Kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu. Ile namba ya 20,000, kama haikufafanuliwa kuwa ni ya mfululizo au ya kilele, ni pambo la boksi.

Kwa maoni yangu unahitaji spika moja ya hali ya juu kila upande, ya inchi 12 au 15 yenye honi, yaani mdomo unaoelekeza sauti za juu, na sabufa (spika za besi) nne za inchi 18. Spika sita zilizorundikwa kila upande, zote zikisema jambo lilelile kutoka sehemu tofauti, hufika sikioni kwa kupishana, na sauti za juu hufutana kulingana na kiti ulichokalia. Zile spika nyembamba zinazoning'inizwa kwa mnyororo kama kwenye matamasha ya viwanjani hazina kazi katika umbali huu. Ukinunua tatu tatu unalipia sura.

Namna ya kuzitundika ina uzito kuliko chapa. Ziweke kimo cha mita 3 hadi 3.5, mbele kidogo ya ukingo wa jukwaa, zikiinama kuelekea theluthi mbili za nyuma, ili honi imwagie watu na si ukuta. Kuna sababu ya kienyeji pia. Katika taarabu watu husogea mbele kutunza, wanasimama kundi zima kati ya spika na waliokaa, na mwimbaji naye hushuka na maiki kuwafuata. Spika zilizowekwa juu ya meza hufunikwa na watu hao, na maiki ikipita mbele yake inatoa mluzi. Waliosogea mbele watahudumiwa na spika mbili ndogo kwenye ukingo wa jukwaa, zikiwa na sauti ya chini.

Sabufa ziweke zote pamoja katikati, chini ya jukwaa. Wimbi la besi la hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Ukizigawa kushoto na kulia, kila mahali ambapo umbali wa kutoka pande mbili unatofautiana kwa mita 3.5 besi hufutika, ndiyo maana katika kumbi nyingi besi hutikisa kifua ukiwa katikati na hutoweka ukisogea hatua chache pembeni.

Kuhusu spika zenye amplifaya ndani au zisizo nazo, watu watabishana nami, lakini kwa ukumbi wa kudumu karibu na bahari nachagua zisizo nazo. Amplifaya zikae kwenye chumba kikavu chenye kichujio cha vumbi, maana feni inayovuta hewa yenye chumvi hula saketi taratibu, na amplifaya moja ikifa usiku unabadilisha waya badala ya kupanda ngazi. Nunua amplifaya yenye wati mara moja na nusu ya zile za mfululizo za spika, ukiwa na limita (kifaa kinachozuia sauti kupita kiwango ulichopanga) iliyowekwa na kufungwa. Amplifaya ndogo inayolazimishwa hadi sauti ikachanika ndiyo inayounguza twita, yaani kipaza cha sauti za juu ndani ya spika. Waya wa spika uwe wa milimita za mraba 2.5, na wa sabufa 4. Vifungo na minyororo ya kutundikia iwe ya chuma kisichoshika kutu, na kila spika iwe na kamba ya pili ya usalama iliyofungwa mahali tofauti, kwa kuwa kutu ya pwani huanzia ndani ya uzi wa boliti.

Umeme usimpe fundi wa kubahatisha. Mitambo yote, pamoja na soketi za jukwaani, itoke kwenye fezi moja na bodi moja, na friji, viyoyozi na taa zitoke kwenye fezi nyingine. Weka kifaa kinachokata volteji ikipanda, kwa sababu nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ya fezi tatu ikikatika soketi ya volti 230 inaweza kupokea volteji inayokaribia 400. Ukisikia mvumo, usikate waya wa ardhi kama wengi wafanyavyo. Mpiga gitaa anayegusa maiki iliyokosa ardhi anaweza kufa. Dawa ya mvumo ni boksi lenye transfoma kati ya kinanda na miksa.

Miksa ya kidijitali ya chaneli 16 hadi 32 inatosha, na sina la kuongeza hapo. Kwenye maiki uwe makini, kwani Shure SM58, ambayo ipo sokoni tangu mwaka 1966, ni miongoni mwa zinazoigwa sana. Nunua kwa wakala anayetoa risiti na dhamana. Monita ya maiki hiyo, yaani spika ya kumsikilizisha mwimbaji mwenyewe, huwekwa moja kwa moja nyuma yake, anakotazama mwimbaji.

Mwisho ni majirani. Chumbageni watu wamelala, na kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo zinakuhusu. Pima kwenye uzio wa jirani wa karibu kabla ya kufungua, besi ikiwa wazi, kisha limita ifungwe kulingana na kipimo hicho. Kwa walio ndani, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 100 kwa dakika 15, na kwa hesabu niliyokupa hapo juu hutahitaji kuufikia kwenye safu za nyuma. Mrudishie muuzaji orodha yake, umwombe bei ya spika mbili, sabufa nne na michoro ya mtawanyiko wa honi; akishindwa kukupa michoro hiyo, tafuta muuzaji mwingine.