Bunduki mpya ya bolti ya Kimarekani: ununue au uachane nayo?

Tangu watu wa huku Columbus, Ohio, wajue kwamba kila msimu wa kulungu naingia porini, swali la WhatsApp limekuwa lile lile, kaka nataka bunduki ya kuwindia, hizi za bolti (zile unazovuta komeo kwa mkono kabla ya kila risasi) zinazotengenezwa hapa hapa Marekani ni nzuri au nijikusanye nitafute ya Ufini? Jibu langu ni kwamba kama ndo ya kwanza nunua mpya, na ya hapa hapa inatosha kabisa, ila usiinunue kwa ajili ya bendera. Kuna vitu vinatangulia bendera, na cha kwanza wala sio bunduki yenyewe.

Ni makaratasi. Dukani utapewa fomu ya ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha) namba 4473, na hii fomu jamani isomeni neno kwa neno, msijaze kwa haraka kama fomu ya gym. Mwenye grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua, atatoa namba yake ya uhamiaji pamoja na kitambulisho cha jimbo, lakini kuna sehemu inauliza uraia na hapo ukiweka alama kwamba ni raia wa Marekani wakati hujaapa bado, umejichongea mwenyewe, maana kudai uraia usio wako ni kosa linaloweza kukurudisha nyumbani hata kama bunduki ulikuwa na haki ya kuinunua. Kuna swali la bangi pia. Ohio bangi ni ruksa kwa watu wazima, sawa, lakini fomu ni ya serikali kuu na serikali kuu haijakubali, na fomu yenyewe imeandika hivyo waziwazi. Walioko kwa visa ya masomo au ya kazi ya muda, kwa kawaida sheria inawakataza, ipo milango michache na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo, ila mimi ningekuwa na visa ningemlipa wakili saa moja kabla ya kugusa chochote. Na usimnunulie mwenzako kwa hela yake eti yeye karatasi zake hazijakaa sawa, hilo ni kosa la jinai kwako wewe uliyesaini.

Baada ya hapo wanapeleka jina lako kwa FBI kuchunguzwa, mara nyingi ni dakika chache tu, ila sisi wenye majina ya Juma na Mohamed tunaambiwa subiri mara nyingine, usipaniki, kusubiri sio kukataliwa.

Haya sasa bunduki. Hapa ndo naona watu wanapoteza hela, kwasababu wanaangalia video za watu wa Montana alafu wanataka kile kile. Ohio kulungu hapigwi na bunduki ya risasi yoyote tu. Tangu 2014 tunaruhusiwa raifo (bunduki ya mtutu wenye mifereji ndani, sio shotgani), lakini iwe inayotumia ganda lililonyooka, yaani ganda lisilo na shingo, na kipenyo cha risasi kuanzia inchi .357 mpaka .50, na usipakie zaidi ya risasi tatu ukijumlisha ile iliyoko chemba tayari kupigwa. Maana yake risasi za .308, .30-06, .270, 6.5 Creedmoor, zote hizo tamu ambazo rafu za duka zimejaa na ofa ziko juu yake, kwa kulungu wa Ohio hazifai, zina shingo. Ukikaa Pennsylvania mambo yanageuka, hizo zenye shingo ni ruksa, ila kule raifo inayojipakia yenyewe hairuhusiwi kwa kulungu, kwa hiyo bolti inakuwa chaguo la kawaida kabisa. Soma kitabu cha sheria cha jimbo lako kwanza, kinatolewa bure na kinabadilika karibu kila mwaka.

Kwa Ohio wengi tunaishia kwenye risasi ya .350 Legend iliyotoka 2019 (jina lisikuchanganye, Ohio inairuhusu) au .450 Bushmaster. Hiyo ya pili inaua vizuri lakini inapiga teke, nimeona mwanaume mzima anafumba macho kabla hajavuta, na ukishazoea kufumba macho shabaha imekufa hapo hapo. .350 ni laini begani, boksi la risasi 20 za mazoezi utalipata kwa dola ishirini na kitu, na msituni kwetu huku miti imebanana, nafasi ya kupiga mbali zaidi ya yadi 100 ni adimu. Mimi ndo ninayotumia, iko ndani ya bunduki ya Ruger American Ranch yenye mtutu mfupi, inaingia kwenye kibanda cha juu ya mti bila kugonga gonga matawi. (Ndugu zangu wa Tanga na visiwani wanaoniuliza kuhusu halali: mimi natamka bismillah kabla ya kuvuta na nikimkuta hai namchinja, zaidi ya hapo kaeni na mashekhe wenu, kila mtu ana anayemfuata.)

Sasa turudi kwenye hilo la Kimarekani. Usisome jina, soma mtutu. Sheria inataka bunduki iliyoagizwa nje iandikwe nchi ilikotengenezwa, iko pale kwa herufi ndogo, washa tochi ya simu uangalie. Browning X-Bolt, jina ambalo mzee yeyote wa hapa atakuapia ni la nyumbani, inatengenezwa Japani na kampuni ya Miroku. Weatherby kampuni iko Sheridan, Wyoming, lakini Vanguard yao inatoka kwa kampuni ya Howa, Japani tena. Winchester Model 70 ndo inachekesha zaidi, ilizaliwa 1936 kule New Haven, Connecticut, kiwanda kikafungwa 2006, ikafufuliwa South Carolina 2008, na miaka iliyofuata kazi ya kuziunganisha ikahamia Ureno. Na zote hizo ni bunduki nzuri! Ninachosema ni kwamba kama umeamua kulipia cha hapa basi upate cha hapa. Ruger wana viwanda New Hampshire na North Carolina, Savage wako Westfield, Massachusetts, Mossberg Patriot inatoka Eagle Pass, Texas, mpakani kabisa na Mexico.

Faida ya hizo kwa mtu wa kawaida ni vipuri na matengenezo. Bunduki ikisumbua unaruhusiwa kuisafirisha mwenyewe kwenda kwa mtengenezaji kurekebishwa, na wao wanaruhusiwa kukurudishia moja kwa moja mlangoni, hupiti tena dukani. Kwa kampuni iliyo ndani ya nchi huo mzunguko ni mwepesi, na springi au magazini (kile kikasha cha risasi) ya akiba inapatikana kila kona. Halafu usitishike ukifungua boksi la Ruger usikute kadi ya waranti, hawatoi waranti ya maandishi na wanaeleza sababu kwenye kitabu chao, na bado wana sifa ya kuhudumia wateja vizuri. Savage nao wana ile nati inayokaza mtutu, walianza nayo kwenye modeli 110 ya mwaka 1958, inayomuwezesha mtu mwenye vifaa vyake kubadili mtutu gereji kwake. Ukihamia jimbo lenye sheria nyingine za risasi, hiyo si habari ndogo.

Bei? Za chini kwenye dola 400, ukipanda panda 700. Kwa hela hiyo usitegemee mbao nzuri, utapata kitako cha plastiki, na plastiki nyingine ni laini mno. Dukani ikishahakikishwa haina kitu, kamata kitako pale mbele ukibane na mtutu, kikijikunja mpaka kuugusa, jua ukiegemea tawi risasi inaweza kwenda kwingine. Fumba macho, iweke begani, fumbua, jicho liwe limekaa sawa na darubini bila wewe kunyoosha shingo kama twiga. Vuta bolti mara nyingi bila haraka. Tikka ya Ufini hapa inawashinda hawa wote, inateleza bila kukwaruza, na kama una hela ya ziada na hilo linakusumbua roho, chukua Tikka, sitakubishia. Lakini kwa kupiga? Savage walipotoa traiga (kile cha kuvuta kwa kidole) ambayo mwenye bunduki anairekebisha mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengine wote ikabidi wawafuate, alafu Ruger American ilipotoka 2012 ushindani wa bunduki za bei ya chini ukakaza kweli kweli, na leo ya dola 450 inaweza kuweka risasi tatu ndani ya inchi moja na nusu hivi kwa yadi 100. Kulungu eneo la moyo na mapafu ni kama sahani ya chai. Kinachobaki ni mkono wako wewe.

Mwenye mkono wa kushoto, uliza toleo la kushoto, Savage na Ruger wanalo kwa baadhi ya modeli, usikubali kuambiwa utazoea.

Mtumba nao una watetezi na siwalaumu, bunduki ya bolti ikitunzwa inazidi umri wa mwenye nayo. Shida ni kwamba mgeni kwenye mambo haya hajui cha kuangalia. Chukulia Remington 700, ipo tangu 1962, imejaa sokoni, na nyingi ni safi sana. Ila 2014 kampuni iliomba zirudishwe zirekebishwe zile zenye traiga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2014 kwasababu zilikuwa zinaweza kufyatuka bila kuvutwa, alafu kampuni ikafilisika 2018, ikafilisika tena 2020, na kile kiwanda cha zamani cha Ilion, New York kimefungwa 2024. Anayejua anakagua namba, anabadili traiga, maisha yanaendelea. Asiyejua anaona bei tu. Kitu kingine, bunduki mpya ina kodi ya asilimia 11 ndani yake, ni sheria ya 1937, na hela hiyo inarudi kwenye kutunza wanyamapori wa majimbo, hata iwe imetoka Japani.

Usimalize bajeti kwenye bunduki. Ile darubini inayokuja imefungwa kabisa kwenye boksi kwa ofa mimi naiona kama tairi la spea, ya kukufikisha tu. Bora bunduki ya bei ya chini na darubini ya Leupold au Vortex ya dola mia mbili na kitu, na boksi kadhaa za risasi za kwenda nazo renji (uwanja wa shabaha) kabla ya msimu.

Na nyumbani kwetu huku wageni hawaishi, watoto wa shangazi wanalala sebuleni wiki mbili, kwa hiyo sefu ya chuma iingie kwenye hesabu ile ile, sio "nitanunua baadae". Kama umepanga apatimenti soma mkataba, wengine wameandika silaha hazitakiwi.

Kama huna uhakika utawinda zaidi ya mara moja, azima kwa mtu mnayeaminiana, sheria ya serikali kuu inaruhusu kuazimana kwa muda kwa ajili ya uwindaji halali mradi wewe si mtu aliyekatazwa kushika silaha. Mkenya mmoja aliniambia kwao uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977 na hajawahi kuona mnyama akipasuliwa, nikampeleka, hakupenda, ameokoa hela yake. Aliyependa, wiki ya bunduki hapa Ohio ni ile baada ya Thanksgiving, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, na Oktoba na Novemba maduka yanajaa na .350 zinapungua rafuni, kwa hiyo nenda Januari au Februari msimu ukiisha, ndo bei zinalegea, na darasa la usalama wa uwindaji fanya kiangazi kabla nafasi hazijajaa.