Kwa fundi mgeni kwenye timu ya baiskeli za uwanjani

Mara kwa mara napata ujumbe wa kijana anayesoma Moscow, au anayejiandaa kwenda, kasikia kwamba nimewahi kushika spana kwenye kambi za baiskeli za huko na anataka kujua aanzie wapi. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, naandika hapa yale ninayowaambia wote.

Kwanza futa kichwani picha ya mbio za barabarani. Huku hakuna gari la timu linalofuata nyuma na baiskeli za akiba juu ya paa. Kuna duara la mbao, kwa kawaida mita 250 kwa mzunguko, kona zake zimeinuka zaidi ya nyuzi 40, na baiskeli haina breki wala friwili: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Baiskeli ikishaondoka mstarini huna la kufanya zaidi ya kuangalia. Kazi yako inamalizika kabla mbio hazijaanza, na ndiyo maana mafundi wengi wazuri wa barabarani wanahangaika sana mwaka wao wa kwanza uwanjani.

Timu ninayopenda kuitolea mfano ni RusVelo, timu ya kulipwa ya Urusi iliyoanza mwaka 2012 na kuanzia 2016 ikaitwa Gazprom-RusVelo. Watu wengi waliifahamu kwa mbio za barabarani, lakini upande wa uwanjani ndiko walikokuwa Denis Dmitriev, bingwa wa dunia wa sprinti Hong Kong 2017, na wale mabinti wawili, Daria Shmeleva na Anastasia Voynova, waliochukua ubingwa wa dunia wa sprinti ya timu mwaka 2016 na 2017. Hapo kuna jambo ambalo mgeni halioni haraka. Kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia watu hao hao walivaa jezi ya taifa, wakati raundi za Kombe la Dunia waliweza kukimbia kwa jezi ya timu ya kulipwa. Kwa hiyo fundi alikuwa na mabosi wawili, meneja wa timu na shirikisho la baiskeli la taifa, na kila mmoja alikuwa na wadhamini wake. Kabla ya kufungasha uliza safari hii ni ya nani: jezi zipi, magurudumu yapi, stika za nani. Usiulize mkiwa uwanja wa ndege.

Sasa tuje kwenye spana. Sprinti ya timu ya wanawake enzi zile ilikuwa ya watu wawili na mizunguko miwili tu, ikimalizika kwa sekunde thelathini na kitu. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Rio 2016 Warusi walipata fedha nyuma ya China kwa tofauti isiyofika nusu sekunde. Tofauti ndogo namna hiyo inaweza kupotea kwenye mita za mwanzo, mwendeshaji anapoinuka kwenye kiti na kusukuma gia nzito kutoka kusimama kabisa.

Cheni ya baiskeli hizi haina kifaa cha kuikaza, inakazwa na gurudumu la nyuma lenyewe. Unalivuta nyuma, unafunga nati mbili za namba 15. Lakini gia ya mbele haiwi duara kamili hata iwe ya bei gani. Zungusha krenki, ule mkono unaoshika pedali, polepole kwa mkono, utahisi mahali cheni inapokaza na mahali inapolegea. Pima kwa kufuata pale inapokaza zaidi. Ukipima palipolegea, mwendeshaji atakutana na ugumu kwenye kila mzunguko wa pedali, naye atakuja kukuambia kwa maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chako cha Kirusi. Kisha funga nati kwa zamu, kulia kidogo, kushoto kidogo, ukihakikisha gurudumu limekaa katikati ya fremu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gurudumu litapinda. Na ukiacha nati bila kukaza sawasawa, nguvu ya kuondokea inalivuta gurudumu mbele, cheni inalegea, na cheni ikitoka kwenye baiskeli isiyo na friwili mtu anaanguka.

Shughuli hiyo utairudia mara nyingi kwa siku moja, maana gia hubadilishwa kati ya raundi moja na nyingine, kocha kasimama nyuma yako na saa mkononi. Jizoeze nyumbani mpaka mikono ijue yenyewe. Andika kila gia uliyofunga, ya mbele na ya nyuma, kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye sanduku la vifaa. Usitegemee kumbukumbu saa tatu usiku.

Jifunze kanuni pia, usiwaachie makocha peke yao. Uzito wa baiskeli usishuke chini ya kilo 6.8. Kwenye mbio za kundi, anayeharibikiwa kwa sababu inayokubalika hupewa mizunguko ya karibu mita 1,300 kabla ya kurudi, yaani mizunguko 5 kwenye uwanja wa mita 250. Huo ndio muda wako wote wa kumpa baiskeli nyingine. Na kanuni hazina huruma: London 2012 Wachina walivuka mstari wa kwanza kwenye fainali ya sprinti ya timu ya wanawake, wakashushwa kwa kosa la kupokezana uongozi wa mbio, dhahabu ikaenda Ujerumani.

Ukifika Krylatskoye, ule uwanja wa Moscow uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1980, kumbuka kwamba mzunguko wake ni mita 333 na kitu. Hesabu za gia na muda zinazofanya kazi pale usizihamishe kichwa kichwa kwenye uwanja wa 250. Na ukipata nafasi ya kukaa na wazee wa St. Petersburg, kaa. Shule ya kocha Aleksandr Kuznetsov pale klabu ya Lokomotiv ndiyo iliyomlea Viatcheslav Ekimov, dhahabu ya kufukuzana kwa timu Seoul 1988, na baadaye Mikhail Ignatiev, dhahabu ya mbio za pointi Athens 2004. Wazee hao hawasemi sana. Tazama mikono yao.

Chupa za vinywaji na vidonge vya waendeshaji usiviguse, hata ukiombwa kwa upole. Kabla ya Rio, ripoti ya McLaren, iliyochunguza dawa za kuongeza nguvu kwenye michezo ya Urusi, iliwagusa waendeshaji wa Urusi na baadhi yao hawakwenda. Fundi aliyezoea kubeba kila kitu cha kila mtu hujikuta akiulizwa maswali.

La mwisho ni mkataba. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, iliziondolea timu za Urusi usajili wake, na Gazprom-RusVelo ikasimama msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, pamoja na wafanyakazi wake na waendeshaji wa mataifa mengine. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kusaini uliza anayelipa mshahara ni kampuni gani na imesajiliwa nchi gani, utalipwa miezi mingapi usajili ukifutwa, na tiketi ya kurudi nyumbani ni ya nani. Yaandikwe kwenye lugha unayoisoma vizuri. Nakala yenye sahihi zote ikae kwako, isibaki ofisini kwa timu.