Macho Yangu Yalipochoka: Ushauri Kuhusu Kilengeo cha Nukta Nyekundu kwenye Bastola

Nilipofika miaka 47 nilianza kupoteza kilengeo cha mbele cha bastola yangu. Nikinyoosha mikono naona kivuli cheusi chenye kingo za manyoya, kama kidole nyuma ya pazia. Shabaha naiona vizuri. Tatizo ni kile kichuma kidogo kilicho mwisho wa mtutu, ambacho kwa miaka yote nilifundishwa nikikazie macho. Nikivaa miwani ya kusomea, kichuma kinarudi, shabaha inageuka ukungu. Mtaalamu wa macho aliniambia ni umri tu: lenzi ya jicho inakuwa ngumu, haijikunji tena kuona vya karibu.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Houston, Texas, na kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi. Jumamosi nikipata nafasi naenda kulenga shabaha kwenye klabu nje ya mji. Naupenda sana mchezo huu na sikuwa tayari kuuacha kwa sababu ya macho. Ndivyo nilivyoingia kwenye vilengeo vya nukta nyekundu. Nimepoteza pesa na muda mwingi ambao wewe unayesoma huna haja ya kuupoteza.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe, maana wengi wanakichanganya na leza. Leza inatupa doa jekundu juu ya shabaha. Hiki hakitupi kitu mbele. Ndani yake kuna kitaa kidogo sana kinachomulika kioo kilichopinda kidogo na kupakwa utando maalumu. Utando unairudisha rangi ya kitaa kwenye jicho lako na kuacha mwanga mwingine upite. Ile nukta inaonekana kama ipo mbali, kule kule kwenye shabaha, kwa hiyo jicho lililochoka halilazimiki kuangalia kitu cha karibu. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa chake cha kwanza mwaka 1975, kwa ajili ya bunduki ndefu. Bastola zilichelewa, kwa sababu kifaa hukaa juu ya slaidi, kile kipande cha juu cha bastola, na slaidi inarudi nyuma na kwenda mbele kwa kishindo kila risasi inapotoka, vingi vilikufa. RMR, kilengeo cha kampuni ya Trijicon kilichotoka 2009, kilivumilia, na tangu watengenezaji bastola Glock waanze mwaka 2015 kuuza bastola zilizokatwa juu tayari kupokea kilengeo, mambo yamekwenda haraka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi.

Siku ya kwanza nilisimama kwenye mstari, kipima muda kikalia, nikanyanyua bastola. Dirisha tupu. Hakuna nukta. Nikaanza kuzungusha kiganja, juu, chini, kushoto, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya droo gizani. Risasi ya kwanza, ambayo kwa vilengeo vya chuma ingenichukua sekunde moja na nusu, ilitoka baada ya sekunde tatu na ushee. Nilirudi kwenye gari nikiamini nimenunua kifaa kibovu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa pale klabuni, mtu mzima kuliko mimi, anayesimamia usalama kwenye mashindano. Alinitazama mara mbili, akasema, "Unakitazama kioo. Tazama shabaha." Akachukua kipande cha utepe mweusi, akakibandika upande wa mbele wa kile kioo, ule unaoelekea shabaha, nisiweze kuona kitu kupitia humo. Akaniambia nifungue macho yote mawili, niitazame karatasi, ninyanyue. Sikuamini: nukta ikaelea juu ya karatasi. Jicho moja lilikuwa linaona nukta, jingine linaona shabaha, ubongo ukaviunganisha. Nikiteleza tu na kukitazama kioo, naona weusi mtupu. Jaribu hilo kabla ya kutumia hata senti moja kwa mwalimu. Ujue tu kwamba kwa baadhi ya watu risasi zinahama kidogo upande utepe ukiwepo, kwa sababu macho mawili hayakai sawa kabisa. Hilo ni zoezi, usilitumie kurekebisha kilengeo.

Kilichobaki nilikimaliza nyumbani, dakika 10 kila usiku kwa wiki sita, bila risasi. Naomba nieleweke hapa. Magazini (kisanduku cha risasi) nje, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kutoka, naikagua kwa jicho na kwa kidole, kisha naikagua tena. Risasi zote zinabaki chumba kingine, mlango umefungwa, na naelekeza mtutu kwenye ukuta wa matofali ambao najua nyuma yake hakuna mtu. Natazama kichwa cha msumari ukutani. Macho hayatoki hapo. Bastola ndiyo inakuja kwenye macho. Kichwa hakiifuati bastola. Nukta ikipotea, mara nyingi ni kwa sababu mtutu umeinuka, na nukta imepotelea juu ya dirisha. Bonyeza mtutu chini mpaka uone kilengeo cha chuma cha mbele, nukta itashuka yenyewe. Kwa sababu hiyo sikuvitoa vilengeo vyangu vya chuma, niliweka virefu zaidi, vinavyochungulia sehemu ya chini ya dirisha. Vinanirudisha njia nikipotea, na betri ikifa bado nina cha kulengea.

Kuna jambo litakushtua: nukta inatetemeka. Mkono wako ulikuwa unatetemeka hivyo hivyo miaka yote, ila chuma kilikufichia. Mgeni akiiona nukta ikicheza hungojea ipite katikati, kisha anavuta kifyatulio kwa pupa, na risasi inakwenda chini kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia. Iache icheze. Ikiwa inacheza ndani ya duara unalolitaka, vuta polepole moja kwa moja mpaka itoke yenyewe.

Kwenye kununua, nenda dukani ukaangalie kwa jicho lako mwenyewe. Usiagize kwa picha. Watu wengi, nami nimo, wana kasoro ya jicho iitwayo astigmatizimu, na nukta inayopaswa kuwa duara inaonekana kama mkia wa koma au kichala cha zabibu. Kabla ya kurudisha kifaa ukidai kibovu, kipige picha kwa simu kupitia dirisha lake. Picha ikionyesha nukta nzima ya duara, kasoro iko kwenye jicho. Mimi miwani ya kuonea mbali ilinisaidia nusu, kupunguza mwangaza kukanisaidia nusu nyingine. Wengine wanaona kijani vizuri kuliko nyekundu.

Ukubwa wa nukta huandikwa kwa MOA, kipimo cha pembe. MOA 1 kwa yadi 25 ni karibu milimita 7 kwenye karatasi. Kwa hiyo nukta ya 2 inafunika kama sentimita 1.3, ya 6 inafunika kama sentimita 4. Vijana wa mashindano watakubishia, ila kwa mtu wa rika langu nashauri 5 au 6 iliyopunguzwa mwangaza. Jicho linaikamata haraka, na sentimita 4 kwa umbali ule bado ni ndogo kuliko makosa ya mkono wangu. Kuna vya kampuni ya Holosun vyenye duara la MOA 32 na nukta ya 2 katikati. Duara linasaidia sana wakati wa kujifunza, kwa sababu ukiona hata kipande chake unajua nukta iko upande gani. Vingi vinavyoaminika vinaanzia karibu dola 300, vingine vinavuka 500. Vile vya dola 60 vinavyojaa mtandaoni viache vikae kwenye bunduki za upepo.

Ufungaji ndio ulioniumiza zaidi, na mimi ni mtu wa spana. Nilimpa fundi mmoja akifunge kilengeo. Magazini ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili bastola ikaanza kukataa kutema maganda. Ganda linabaki limesimama katikati kama jino lililokwama. Nilibadilisha risasi, nikabadilisha magazini, nikaisafisha mara tatu. Mwisho nilifungua kilengeo chenyewe na kukuta skrubu ya kulia ni ndefu. Ncha yake ilikuwa imepenya mpaka kwenye tundu la kile kijiti kinachosukuma kidole cha kuvuta ganda, ikakikaba. Urefu uliozidi haufiki milimita moja. Tangu hapo kila skrubu naipima kwanza, kisha baada ya kufunga nabonyeza kidole kile kuona kama kinacheza kwa uhuru.

Kabla ya kununua hakikisha pia matundu ya kilengeo yanalingana na mkato wa slaidi yako. Kila familia ya vifaa ina mpangilio wake wa matundu, na cha bastola ndogo ya kuficha hakikai kwenye kubwa bila bamba la katikati. Bamba likiwa jembamba na baya, kila kitu juu yake kinalegea. Futa mafuta yote kwa spiriti, tia tone moja la gundi ya buluu ya nyuzi za skrubu, kaza kwa bisibisi yenye kipimo kwa kadiri kitabu kinavyosema (nyingi ni kati ya inchi-pauni 12 na 15, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha iache usiku mzima. Chora mstari wa rangi unaotoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika, skrubu imesogea, hata kama mkono hausikii.

Kurekebisha risasi zipige penye nukta hakuna uchawi. Anza yadi 10, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, piga tano, angalia katikati ya kundi na si ile moja iliyopotea, zungusha skrubu za kurekebishia kilengeo, piga tano tena, kisha malizia yadi 25. Kumbuka tu kilengeo kiko juu ya mtutu, kwa hiyo kwa yadi 3 risasi itapiga chini ya nukta kwa sentimita mbili hivi. Bastola haijaharibika.

Mwangaza upunguze. Ukiongeza sana nukta inavimba na kufunika shabaha. Mimi napandisha mpaka niione wazi dhidi ya ukuta wenye jua, basi.

Halafu kuna jambo la Houston, ambalo watu wa Tanga, Mombasa na Dar watalielewa mara moja. Mwezi wa nane nilitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, nikaingia kwenye ule unyevu wa asubuhi, na kabla sijafika kwenye meza kioo kilikuwa cheupe chote. Kazi yangu ni hewa baridi kukutana na hewa yenye maji, lakini sikuwa nimelifikiria hilo juu ya bastola. Siku hizi nazima kiyoyozi robo saa kabla ya kufika, na kioo nakipaka dawa ya kuzuia ukungu. Vilengeo vya wazi vina shida nyingine: tone la mvua au uzi wa shati likikaa juu ya kitaa, nukta inapasuka kuwa nyota au inapotea kabisa. Vilivyofungwa pande zote, kama ACRO ya Aimpoint, havina balaa hilo, ila ni vizito na dirisha lake ni dogo. Kama unabeba bastola kiunoni kila siku, chukua kilichofungwa. Kama ni mchezo wa Jumamosi kama mimi, cha wazi chenye dirisha kubwa kinatosha, na vitambaa viwili mfukoni.

Kwa ndugu zetu wa huku Marekani: ukiwa na viza ya muda, kama ya masomo, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza hata kuishika silaha, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Usikubali kushikishwa "kidogo tu" klabuni; uliza mwanasheria kwanza. Na kuvitoa vilengeo hivi nje ya Marekani kunadhibitiwa kisheria. Binamu yangu ana leseni yake halali kule Kenya, akanipigia: "Kaka, nitupie kimoja kwenye begi, ni kadude kadogo." Nilimkatalia. Alinuna wiki mbili, tukayamaliza.

Betri nyingi ni ile bapa ya CR2032. Nabadilisha kila tarehe 1 Januari, iwe imekwisha au haijakwisha. Kwenye vilengeo ambavyo betri inakaa chini, kama RMR, lazima ukifungue chote, kwa hiyo siku hiyo natenga pia risasi chache za kuhakiki shabaha. Nikishatoa ile ya zamani naifunga plasta pande zote mbili palepale, kabla sijaiweka mezani, kisha inaingia kwenye chupa yenye kifuniko juu ya kabati, pamoja na mpya. Betri hizi mtoto akimeza zinachoma koo la chakula kwa saa chache tu, na dada yangu huja kila Jumapili na mwanawe wa miaka mitatu, ambaye kila kinachong'aa anakipeleka mdomoni.