Kimbunga kikija, chagua rafiki mmoja wa mbali

Kila anayeishi Houston, Texas, anaijua orodha ya maandalizi ya kimbunga: maji lita nne kwa mtu kwa siku, tochi, betri, dawa, vyakula vya kopo, pesa taslimu, gari lijazwe mafuta. Ifuate yote. Ndani ya orodha hiyo kuna mstari mmoja ambao wengi wetu tunaupita haraka, ule unaosema uwe na mtu wa kuwasiliana naye aliye nje ya eneo lenye hatari. Mstari huo ndio uliotuvusha kwenye kimbunga Beryl, Julai 2024, na ndio ninaotaka kuueleza kwa kirefu, kwa sababu kumbe si suala la kuwa na namba ya mtu tu. Ni mapatano, na yanafanywa upepo haujaanza.

Mtu wangu yuko Kilindoni, kisiwani Mafia. Ni shoga yangu tangu tukiwa shule. Wakati wa kiangazi cha Marekani tunapishana kwa saa nane, na hilo peke yake ni msaada mkubwa. Kitovu cha Beryl kiliingia nchi kavu karibu na Matagorda, kusini-magharibi mwa Houston, Jumatatu tarehe 8 Julai. Kwetu ilikuwa saa kumi za alfajiri, kwake saa sita mchana. Sisi tulikuwa kwenye giza na usingizi wa mang'amung'amu. Yeye alikuwa macho, ana umeme, ana mtandao, ana akili iliyopumzika. Jirani yako wa Houston, hata awe mwema vipi, yuko kwenye giza hilo hilo na simu yake inatafuta mnara ule ule unaotafutwa na yako. Kwa hiyo ukiweza, mchague mtu ambaye usiku wako ni mchana wake.

Lakini kabla ya rafiki kuna uamuzi wa kukaa au kuondoka, na hapo hakuna mjadala. Ukiwa karibu na ufuko, au kwenye nyumba ya kuhamishika, au eneo ambalo mamlaka imesema watu watoke, toka mapema. Upepo unaweza kujibanza nao ndani ya nyumba imara. Maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu, au mvua kama ile ya kimbunga Harvey mwaka 2017 iliyopita milimita 1,500 katika baadhi ya maeneo ya kusini-mashariki mwa Texas, huwezi kujibanza nayo. Ukiwa ndani zaidi ya jiji, nje ya maeneo yaliyoamriwa kuhama, kukaa nyumbani mara nyingi ndiyo busara. Mwaka 2005 mamilioni walikimbia kimbunga Rita kwa pamoja, barabara zikafunga, na watu wengi walikufa kwenye safari ile ya kukimbia. Sisi tuko mbali na bahari na mtaa wetu haukuwa na amri ya kuhama. Tulibaki: mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe wangu ambaye ana presha.

Mapatano yangu na shoga yangu yalizaliwa kwake, si kwangu. Mwezi Mei mwaka huo huo kimbunga Hidaya kilikuwa kinaielekea pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mfululizo, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na yeye alikuwa ndani Kilindoni madirisha yamefungwa, huku mimi nimekaa Houston na simu mkononi. Hidaya kilipungua nguvu kilipofika Mafia tarehe 4, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar kwenda Lindi kule Kilwa. Wiki moja baadaye nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikakatika, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. WhatsApp ikawa inazunguka tu bila kufunguka. Meseji za kawaida zilikuwa zinapita. Kuanzia hapo tukaweka sharti letu la kwanza: WhatsApp ikigoma kwa nusu saa, tunahamia meseji ya kawaida bila kuulizana, na kila mmoja ahakikishe salio la kutuma nje ya nchi lipo. Laini nyingi zinahitaji kuruhusiwa kwanza kutuma meseji za kimataifa. Ijaribu jua likiwa linawaka.

Sharti la pili ni namna ya kuandika. Ujumbe wetu una vitu vinne na haupindishwi: tuko chumba gani, watu wako vipi, chaji imebaki kiasi gani, nitaandika tena saa ngapi. Ule wa kwanza niliotuma usiku ule ulisomeka hivi: "Wote koridoni. Wazima. Chaji 91. Nitaandika saa tisa ya huku." Neno "ya huku" ni la lazima. Mtu aliyezoea kuhesabu saa Kiswahili na mwingine anayesoma saa ya Marekani kwenye kioo cha simu wanaweza kupishana vibaya sana, na kwenye hali ile kupishana kwa saa sita ni mtu kulia bure.

La tatu ni kimya. Tulikubaliana kwamba nikikosa zamu moja, asifanye lolote, mtandao umekatika. Nikikosa mbili, ampigie dada mmoja tunayemwamini aliye Dallas, ambaye ana anuani yetu na namba za majirani wawili. Nikikosa tatu, dada wa Dallas ndiye atakayepiga simu za dharura za Houston, maana aliye Tanzania hawezi kupiga 911 ikaita huku. Kuliweka hili wazi kabla ya wakati kunampunguzia rafiki mateso ya kukisia. Kunakupunguzia na wewe, kwa sababu ukikosa mtandao unajua kule hakuna anayekimbilia kuwaza msiba.

La nne ndilo lililoniokolea chaji: yeye ndiye mdomo wangu kwa ukoo. Mama yangu Tanga, kaka zangu, grupu la ukoo lenye watu ambao wengine hata sura zao nimezisahau, wote waliambiwa mapema kwamba habari zetu zitatoka Kilindoni. Kila aliyeandika "mko salama jamani?" alijibiwa na yeye. Ukiacha hili bila kupanga, simu yako itakufa kwa mapenzi ya watu.

Sasa usiku wenyewe. Tulichagua korido ya katikati, isiyo na dirisha, na tukahama chumba cha nyuma kwa sababu kina mti wa mwaloni mkubwa unaokiinamia. Siku ile Houston watu walikufa kwa miti iliyoangukia nyumba zao, kwa hiyo usichague chumba kwa kuangalia ukuta tu; angalia na kilicho nje yake. Magodoro chini, viatu miguuni hata kwa watoto, maana kioo kikivunjika gizani hutakuwa na muda wa kuvitafuta. Beseni la kuogea tulilijaza maji ya chooni.

Upepo ulipochacha sikuwa na haja ya kufungua ramani, na ramani ndiyo inayonyonya chaji na bando. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami hutoa taarifa kamili kila baada ya saa sita, na tahadhari ikishatangazwa kwa eneo fulani huongeza za katikati kila baada ya saa tatu. Shoga yangu alizisoma zote na kunitumia mistari miwili. "Kimeshaingia Matagorda. Upepo kilomita 130 kwa saa. Kinaelekea kaskazini." Baadaye akaandika kitu ambacho kinaonyesha kwa nini nilimchagua yeye: "Kinapita magharibi yenu. Huko kwenu upande wa kulia ndio mbaya, sivyo? Basi bado, msitoke." Alikuwa sahihi kabisa. Kaskazini mwa ikweta vimbunga huzunguka kinyume cha mshale wa saa, na upande wa kulia wa njia ya kimbunga ndio upepo unapokaza. Kusini mwa ikweta, kwao, ni kushoto. Yeye alijifunza hayo kwa ajili ya Hidaya, akayageuza kwa ajili yetu. Na kweli, Houston iliipata sehemu kali asubuhi, saa kadhaa baada ya kitovu kuingia nchi kavu, wakati ambao watu wengi hudhani kimeshapita.

Nilichokipenda zaidi katika ujumbe wake ni kwamba haukuniuliza ninavyojisikia. Uliniuliza vitu vinavyojibika. "Mama amekunywa maji?" "Mtoto mdogo kalala?" "Viatu?" Mtu mwenye hofu akipewa swali la ndiyo au hapana, mikono yake inapata kazi. Ningemwomba kila aliye mbali aandike hivyo. Usitume video za mabati yanayoruka; nyingi ni za vimbunga vya zamani na nchi nyingine, na hata ikiwa ya leo haimsaidii aliye ndani. Usipige simu ya video ili umwone. Usitume ujumbe wa sauti wa dakika nne wa dua. Iandike dua yako kwa mstari mmoja, itafika na itasomwa.

Kuhusu chaji sitakaa sana. Simu iwe imejaa na pawabenki zimejaa tangu jana yake, mwanga wa kioo upungue, programu zote zifungwe, na kati ya zamu moja na nyingine simu iwekwe kwenye hali ya ndege, kwa sababu simu inayohangaika kutafuta mnara dhaifu huisha haraka kuliko unayoitumia. Simu moja tu ya familia ndiyo iwe kazini. Za wengine zizimwe kabisa, ziwe akiba. Kuchajia kwenye gari kunafaa, ila gari liwe nje mahali pa wazi, si gereji.

Nimeitaja gereji kwa makusudi. Beryl kilikuwa cha daraja la kwanza kilipofika kwetu, daraja la chini kabisa, na mtu angedhani hatari iliisha upepo ulipotulia adhuhuri. Wateja zaidi ya milioni mbili walikuwa hawana umeme, wengine kwa wiki nzima na zaidi, katika joto la Julai la Houston ambalo na unyevu wake halina tofauti na kukaa karibu na tanuri. Baada ya kimbunga, watu walikufa kwa joto ndani ya nyumba zao, na wengine kwa moshi wa jenereta. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo haina harufu. Jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka nyumbani, mbali na madirisha na milango, na usiiwashe gerejini hata mlango ukiwa wazi. Usiku jirani zetu walikuwa wanaingiza zao karibu na ukuta kwa kuhofia wezi. Naielewa hofu hiyo, lakini jenereta ikiibwa utanunua nyingine.

Hapa ndipo watu wengi wanapomwachia rafiki wa mbali aende zake, na hapa ndipo sisi tulipoongeza zamu. Yeye alishika saa ya friji: umeme ulipokatika nilimwandikia, na baada ya saa nne akanikumbusha kwamba nyama na maziwa ya friji tusivile tena. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Aliendelea kuulizia maji ya mama mkwe kila zamu, kwa sababu mtu mzima wa umri ule kiu haimwambii ukweli, na baadhi ya dawa za presha humkausha zaidi. Alipoona majibu yangu yanasema "amechoka, hataki kula", aliandika bila kuzunguka: "Mtoeni leo hii mpelekeni penye ubaridi." Tulimpeleka kwenye jengo la umma lililofunguliwa kwa ajili ya watu kupoza mwili, kisha kwa ndugu waliokuwa na umeme upande mwingine wa jiji. Mimi niliyekuwa naye saa zote nilikuwa nimeshaizoea hali yake. Aliyekuwa anaisoma kwa mistari, akilinganisha wa asubuhi na wa jioni, ndiye aliyeona kwamba inashuka.

Hata mtaa upi una umeme ilibidi tuutafute kwa njia za pembeni. Kampuni ya kusambaza umeme haikuwa na ramani ya kuaminika ya kuonyesha ulipokatika, watu wakagundua kwamba programu ya simu ya Whataburger, ile migahawa ya baga, inaonyesha matawi yaliyofunguliwa na yaliyofungwa. Penye tawi wazi pana umeme. Mitandao ilizungumza jambo hilo siku nzima, na shoga yangu akanitumia picha ya ramani ile kutoka Mafia.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi vimbunga huja zaidi kati ya Novemba na Aprili, na Hidaya kilichelewa kidogo tu. Kwa hiyo mimi na yeye tunapokezana. Kila msimu wa mmoja wetu unapokaribia tunatumiana upya anuani, namba za majirani, majina na vipimo vya dawa za wazee, picha ya karatasi za bima, na jina la anayepigiwa zamu ya pili ikipita kimya. Yeye ameyaandika ya kwangu kwenye daftari, kwa kalamu, na mimi ya kwake nimeyabandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, kwa sababu namba zilizo ndani ya simu tu haziwezi kusomwa simu ikizima.