Sola na Umeme wa Gridi: Maswali Yenu

Swali: Nina paneli 8 na inveta ya gridi hapa Kitengela. Mbona umeme ukipotea mchana nami nakosa, ilhali jua linawaka?

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado watu wananunua kwanza ndipo waulize. Inveta ya gridi isiyo na betri, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani sambamba na umeme wa laini, hufuata mapigo ya umeme wa kampuni ya Kenya Power, volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde; mapigo yakikatika, nayo huzima ndani ya sekunde chache. Haijaharibika. Imezima ili fundi aliyepanda nguzo kuunga waya, akiamini laini haina umeme, asipigwe na umeme unaotoka paani pako. Ukitaka taa wakati huo, nunua inveta ya haibridi (inayofanya kazi na gridi au bila gridi) na betri, yenye swichi inayoitenga nyumba na laini. Anayekushauri uihadae inveta kwa jenereta iliyochomekwa kwenye soketi, mfukuze.

Swali: Nikirudisha uniti 100 za sola kwenye gridi nitalipwa pesa ngapi?

Hulipwi hata shilingi. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinakupa salio la nusu ya ulichorudisha, yaani uniti 50 za kupunguza bili. Naona nusu ni kidogo mno kwa mtu aliyejigharimia paneli, lakini muuzaji anayekuahidi malipo ya kila mwezi anakudanganya. Afadhali uutumie mwenyewe unapozalishwa: piga pasi na kuvuta maji saa sita mchana, si saa mbili usiku.

Swali: Mita ya tokeni inatosha kwa kurudisha umeme kwenye gridi?

Haitoshi. Baadhi yake huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia.

Swali: Paneli zioshwe kwa sabuni gani?

Maji matupu, alfajiri, kabla kioo hakijapata joto.

Swali: Fundi aliyetuwekea nyaya za nyumba anaweza kutufungia sola?

Mdai leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini Kenya, ya daraja la T3, inayohusu mifumo iliyounganishwa na gridi. Paneli 10 zilizounganishwa kwa mfuatano zaweza kupita volti 400 za mkondo mnyoofu (DC), ambao cheche zake hazizimiki kirahisi. Majuzi nilionyeshwa viungio viwili vya nyaya za paneli vya aina tofauti vilivyolazimishwa kushikana juu ya mabati: plastiki ilikuwa imeyeyuka, na mbao ya kenchi chini yake imekuwa nyeusi kama mkaa. Mwenye nyumba hakuwahi kuuliza leseni. Kuzima swichi kuu ya nyumba hakuondoi volti hizo maadamu jua linaangaza, kwa hiyo swichi ya kutenga paneli iwekwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua.